Springi za Guta: Mama, Zijue Kabla ya Kumlipa Fundi

Katika miji na vijiji vingi vya Tanzania, guta limechukua nafasi ya punda wa familia. Ndilo linalobeba maji, tofali, mkaa, mahindi na ndizi. Mengine hutoka kiwandani yakiwa kamili. Mengine hutengenezwa na mafundi wetu wa mitaani: pikipiki hukatwa sehemu ya nyuma, ikaungwa na chasisi ya vyuma vya mraba, ekseli yenye magurudumu mawili, springi, na bodi ya kupakia mzigo.

Guta la kutengenezwa mtaani lina faida zake. Hutengenezwa kulingana na kazi ya mwenyewe, na likiharibika, fundi aliyeliunda yuko jirani. Lakini lina upungufu mmoja mkubwa: halina kitabu cha maelezo. Hakuna mahali palipoandikwa libebe kilo ngapi, wala springi zake zina nguvu kiasi gani. Mambo hayo hujulikana pale kitu kinapovunjika.

Akina mama wengi tunalijua guta kwa mapato yake tu. Jioni tunapokea fedha, tunatenga ya unga, ya mafuta ya taa, ya ada. Halafu siku moja tunaambiwa, "Springi imekatika, zinatakiwa fedha." Hatujui kama fedha inayotakiwa ni nyingi au kidogo, wala kama kazi itakayofanywa ni ya kudumu au ya kupoteza. Kwa hiyo tumeona yafaa tuzungumze jambo hili kwa lugha rahisi, ili mama anayetunza mfuko wa nyumba ajue fedha yake inanunua nini.

Sisi tunaishi Muheza, mkoani Tanga, eneo linalosifika kwa machungwa. Guta letu hutoa machungwa shambani na kuyafikisha barabarani, yanakopakiwa kwenye malori. Baba ndiye dereva, na mama ndiye mweka hazina. Njia za mashambani zina makorongo na mizizi ya miti, na katika msimu uliopita bamba la kwanza la springi ya kushoto lilikatika. Tuliyojifunza katika matengenezo yale ndiyo tunayowaeleza hapa.

SPRINGI HUFANYA KAZI GANI?

Springi za guta si zile za kuzunguka kama za kitanda. Ni mabamba ya chuma yaliyopinda kidogo na kupangwa moja juu ya jingine, refu likiwa juu na fupi likiwa chini. Bamba la kwanza, lile refu, limekunjwa ncha zake mbili zikawa kama pete. Mafundi huziita macho. Jicho la mbele hufungwa kwenye chasisi kwa pini. Jicho la nyuma hufungwa kwenye vipande viwili vya chuma vinavyobembea, kwa sababu springi inapobonyea hurefuka, nayo huhitaji nafasi ya kusogea.

Katikati, mabamba yote hushikwa na bolti moja inayopita ndani yake, yaani sentabolti. Kisha springi nzima hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifahamu. Springi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea mzigo na kupunguza mtikisiko. Ya pili ni kuishika ekseli mahali pake. Bamba la kwanza likikatika karibu na jicho la mbele, ekseli haina tena kinachoizuia upande huo. Inaweza kusogea nyuma, na guta likaanza kuvutwa upande mmoja. Likiwa mwendoni kwenye mteremko, na mzigo juu yake, dereva anaweza kushindwa kuliongoza. Kwa hiyo springi iliyokatika si suala la starehe. Ni suala la uhai.

KWA NINI HUKATIKA?

Chukua waya, uupinde na kuunyoosha, uupinde tena na kuunyoosha. Hautakatika mara ya kwanza, lakini utakatika. Springi nayo huchoka hivyo hivyo. Kila shimo la barabarani ni mpindo mmoja. Ufa mdogo huanza mahali penye kutu, au kwenye tundu la sentabolti, au karibu na jicho, kisha hukua polepole bila kuonekana mpaka siku moja bamba linaachia.

Bolti za U zikilegea, mambo huwa mabaya zaidi. Zikiwa zimekaza, sehemu ya katikati ya springi hutulia. Zikilegea, mabamba hupindia pale pale kwenye tundu la sentabolti, mahali ambapo chuma ni kidogo.

Springi yetu ilipofunguliwa, tuliona kwamba bamba lililokatika halikuwa tatizo pekee. Bushi ya jicho la mbele ilikuwa imelika, tundu lake si duara tena bali umbo la yai. Kipande kinachoshika pini kwenye chasisi kilikuwa na ufa kandokando ya mahali kilipochomelewa. Na bolti za U zilikuwa na unga mwekundu wa kutu kuzizunguka, dalili kwamba zilikuwa zikicheza. Bamba lilikuwa la mwisho kusema, lakini wenzake walikuwa wameanza kulalamika zamani. Kama tungebadilisha bamba peke yake, jipya nalo lingeteswa na yale yale yaliyolivunja la zamani.

"TUICHOMELEE TU"

Huu ndio ushauri unaotolewa mara nyingi, kwa kuwa ni wa bei nafuu na kazi yake huisha kwa nusu saa. Jirani mmoja alitushauri hivyo kwa nia njema. Fundi wetu alikataa, akatueleza sababu yake.

Chuma cha springi si sawa na chuma cha dirisha. Kiwandani huchomwa mpaka kiwe chekundu, hupozwa ghafla kwenye mafuta, kisha hupashwa moto tena kwa kiasi. Moto huo wa utaratibu ndio unaokipa uwezo wa kupinda na kurudi. Ukikichomelea, moto wa umeme huuharibu utaratibu wote. Sehemu iliyo kando ya mshono huwa laini kupita kiasi au ngumu na rahisi kuvunjika. Basi springi hukatika tena, si kwenye mshono bali pembeni yake, na safari hii bila kutoa dalili. Ni kama chungu: kikishachomwa tanuruni, ufa wake hauzibwi kwa udongo mbichi.

Chasisi, kwa upande mwingine, ni chuma cha kawaida, nayo huchomelewa bila shida ikiwa kazi inafanywa kwa uangalifu. Basi mama akumbuke kanuni hii: chasisi huchomelewa, springi hubadilishwa.

JINSI KAZI ILIVYOFANYIKA

Kwanza, guta liliondolewa mzigo wote na kuinuliwa kwa jeki, kisha chasisi ikaegemezwa kwenye magogo mazito pande zote mbili. Mtu asiingie chini ya guta lililoshikwa na jeki peke yake. Mawe na tofali pia hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla.

Kabla ya kuchomelea, fundi alitoa tangi la petroli na kulipeleka mbali, akafungua waya wa betri, akaweka ndoo ya mchanga karibu. Nasi tulikuwa na kazi yetu: kuwaondoa watoto. Watoto hupenda kutazama cheche, lakini mwanga ule huunguza macho. Mtoto haumwi pale pale. Usiku ndipo huamka akilia, macho mekundu yakiwasha kama yana mchanga. Mama mwenye karakana karibu na nyumba asilichukulie jambo hilo kama mchezo.

Ufa wa kwenye chasisi haukuzibwa juu juu. Fundi alitoboa tundu dogo kwa keekee pale ufa ulipoishia, ili usiendelee mbele. Kisha akauchimba ufa kwa grenda mpaka ukawa kama mfereji, akaujaza kwa kuchomelea, akausawazisha. Juu yake aliweka bamba la kuimarisha ambalo ncha zake zilichongwa zikawa nyembamba, kama umbo la jani. Tulimwuliza kwa nini hakukata mraba tu. Alisema bamba la mraba huishia ghafla, na pale linapoishia ndipo nguvu zote za mtikisiko hukusanyika na kuanzisha ufa mpya. Ncha iliyochongwa huigawa nguvu hiyo polepole.

Springi zilibadilishwa pande zote mbili, ingawa ya kulia ilikuwa haijakatika. Springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine hulifanya guta liiname, na uzito wote huelekea upande dhaifu. Bushi, pini na bolti za U zilinunuliwa mpya. Bolti ya U ikishakazwa kwa nguvu huwa imevutika, na ukiifunga tena haishiki kama mwanzo.

Mwisho ulikuja upimaji wa kamba. Kamba ilipimwa kutoka shingo ya usukani hadi ncha ya ekseli upande wa kushoto, kisha hadi ncha ya kulia. Vipimo viwili hivyo ni lazima vilingane. Visipolingana, ekseli imekaa mshazari, guta litakwenda kama kaa, na matairi yatakwisha upesi. Ni kipimo ambacho hata mwenye guta anaweza kukifanya mwenyewe, kwa dakika tano na bila kulipa chochote.

KUIMARISHA SI KUFANYA IWE NGUMU

Wengi wakisikia "kuimarisha springi" hufikiri ni kuifanya iwe ngumu kama reli. Hapo ndipo makosa huanza.

Mwaka 1678, mtaalamu Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo mafundi hutumia hadi leo: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito unaowekwa juu yake. Uzito ukiwa maradufu, nayo hubonyea maradufu. Guta letu lilikuwa na mabamba 4 kila upande. Tukipakia magunia 5 ya machungwa, yaani kilo 400 hivi, nyuma ilikuwa ikishuka sentimeta 5. Tuliongeza bamba 1 kila upande, lenye unene ule ule. Mabamba yakiwa 5 badala ya 4, ugumu huongezeka kwa robo, na mzigo ule ule hushusha sentimeta 4. Nafasi iliyopatikana huzuia ekseli isigonge chasisi kwenye mashimo. Pale zinapoweza kukutana, fundi alifunga kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tairi kuukuu.

Mtu mwingine angependekeza bamba nene la lori, "ili tumalize kabisa." Lakini unene una hesabu yake ya ajabu. Bamba lenye unene maradufu haliwi gumu mara 2, bali mara 8. Springi ya namna hiyo haibonyei kwenye guta dogo. Shimo la barabarani hupita moja kwa moja mpaka kwenye chasisi, kwenye ekseli, kwenye ringi, na kwenye mgongo wa dereva. Guta likiwa tupu hurukaruka, na magurudumu ya nyuma yakiruka hayashiki barabara, wala breki zake hazina kazi. Springi nzuri ni ile inayopinda na kurudi. Isiyopinda si springi.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwa mfuko wa nyumba. Springi ikiimarishwa, mzigo usiongezwe. Breki ni zile zile, matairi ni yale yale, ekseli na injini hazikubadilika. Kabla ya matengenezo tulibeba magunia 5, na baada ya matengenezo tunabeba magunia 5. Wanunuzi walituambia, "Sasa mna springi mpya, ongezeni mawili." Tulikataa. Gunia la sita na la saba lingeleta fedha ya wiki chache, kisha ekseli ingedai fedha hiyo yote na zaidi.

JE, HAYA NI MAMBO YA WANAUME?

Huenda mama mmoja akasema, "Mimi na springi wapi na wapi?" Lakini si jambo geni mwanamke kushughulika na chombo cha magurudumu matatu. Huko Ujerumani, Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la injini mwaka 1886, na gari hilo lilikuwa na magurudumu matatu. Watu walilitilia shaka. Mnamo Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akasafiri nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim nyumbani kwa mama yake, mwendo wa kilometa 100 hivi. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika, alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Milima mikali ilipolishinda gari, watoto walisukuma. Baada ya safari hiyo ilionekana wazi kwamba gari lahitaji gia ya kupandia milima, nayo ikaongezwa.

Mama huyo ndiye aliyekuwa njiani, na kwa hiyo ndiye aliyejua ni wapi chombo kinahitaji kuimarishwa. Sisi nasi tunaokaa na guta kila siku uani tunaweza kuona mambo ambayo fundi hayaoni, kwa kuwa yeye huliona likiwa limekwisha kuvunjika.

UKAGUZI WA KILA WIKI

Tumejiwekea ukaguzi wa robo saa kila Jumamosi jioni, guta likiwa tupu na limesimama mahali tambarare. Hauhitaji ufundi.

1. Chukua kijiti na upime nafasi kati ya ekseli na chasisi, upande wa kushoto kisha wa kulia. Weka alama kwenye kijiti siku springi zikiwa mpya. Upande mmoja ukianza kushuka chini ya alama, springi hiyo inachoka au ina bamba lililokatika.

2. Futa matope kwenye mabamba kwa kitambaa, uangalie nyufa, hasa karibu na macho na katikati. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza bamba mara nyingi ni ufa.

3. Tazama bolti za U. Unga mwekundu wa kutu au mahali palipong'aa kwa kusuguana ni dalili ya kulegea. Bolti mpya hukazwa tena baada ya siku ya kwanza ya mzigo, na tena baada ya wiki moja, kwa sababu mabamba mapya hujikalisha.

4. Shika vipande vinavyobembea nyuma ya springi na kuvitikisa. Vikicheza kushoto na kulia, bushi imelika.

5. Tazama matairi. Tairi linaloliwa upande mmoja linasema ekseli haiko sawa.

Ukiona mojawapo, mwite fundi siku hiyo hiyo. Bushi ni kitu kidogo cha kununua. Bushi iliyoachwa hula pini, pini hula jicho, jicho huvunja springi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MZIGO NA WATOTO

Namna ya kupakia nayo huokoa springi. Vitu vizito vikae chini na katikati, mbele kidogo ya ekseli. Vikirundikwa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haushiki. Vikipangwa juu sana, guta hupinduka kwenye kona, kwa sababu mbele lina gurudumu moja tu la kulizuia lisilale.

Na hapa tunasema na mama wenzetu bila kuficha. Guta la mizigo si gari la watoto. Tunajua shule ni mbali, jua ni kali, na guta linaelekea huko huko. Mtoto hufurahi kukaa juu ya magunia. Lakini springi ikikatika, wa kwanza kurushwa ni aliye juu. Nyumbani kwetu ni sheria, na haina siku ya mapumziko: mtoto hapandi juu ya mzigo, hata kama ni hatua mia moja.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Kabla ya kutoa fedha, mama aulize kwa upole: Je, springi itabadilishwa au itachomelewa? Je, utabadilisha pande zote mbili? Bushi na bolti za U ni mpya? Bamba la kuongeza lina unene sawa na mengine? Je, chasisi imekaguliwa nyufa? Utapima ekseli kwa kamba kazi ikiisha? Nikuletee lini bolti zikazwe tena?

Fundi mwema hatachukizwa na maswali hayo. Wetu aliyajibu yote akiwa na spana mkononi, na akaturudishia vyuma vya zamani tuvione. Omba nawe urudishiwe, ili ujue hakika kilichobadilishwa.

Tena, guta liwe na mfuko wake. Kila siku ya kazi tunatenga fedha kidogo ya matengenezo kabla ya kugawa mapato mengine, na fedha hiyo haiguswi kwa sababu nyingine. Springi ilipokatika, tulilipia matengenezo kutoka mfuko huo, na ada za watoto zilibaki mahali pake. Anza leo na kiasi kidogo, hata kama guta lako bado ni zima.